Habari za Daraja

Zamani, wadudu walipokuwa wakiamkiana kama sisi, Buibui alisuka daraja juu ya mfereji, akawaachia wote walivuke bure. Mwenyewe hakuvuka. Alishinda ukingoni akisuka nyuzi za kulitengenezea, na kila aliyevuka, Buibui alimwuliza, "Habari za daraja?"

"Nzuri, mama," alijibu Jongoo, mpole kupita kiasi, ingawa uzi wa katikati ulikuwa umelegea na kumnasa miguu.

"Nzuri tu," alijibu Panzi mwenye haraka, ambaye aliuona uzi ule akauruka.

Buibui alifurahi, akaziweka nyuzi mpya akiba. Binti yake alipotaka kwenda kumwamkia shangazi ng'ambo, alimwambia, "Pita, mwanangu. Daraja halina neno, wote wamesema."

Uzi wa katikati ukakatika, maji yakamchukua binti.

Wadudu walijaa msibani. "Uzi ule umelegea tangu masika," Jongoo alilia.

"Mbona hukuniambia? Si nilikuuliza?"

Jongoo alishangaa. "Uliuliza habari, mama. Habari si hujibiwa nzuri? Tena ningeanzaje kumlalamikia aliyetusukia bure?"

"Na litatengenezwa lini?" Panzi alidakia. "Mimi kesho nina safari."

Hapo akafika Konokono, mchelewaji wa kila jambo, asiyejua lolote. Akabisha hodi.

"Habari za hapa, mama?"

Buibui aliyatazama maji.

"Nzuri," alisema.