Neno Lisilofundishwa

Kisikizi cha serikali kilikuwa macho ukutani. Sheria ilitaka kila neno liwe la lugha moja tu, na neno "mama" lilipewa lugha ya watu wa ng'ambo. Mtoto akianza kusema kwa neno lao, huhesabiwa mtoto wao, huchukuliwa akapelekwa kwao.

Kwa hiyo Sikudhani hakuthubutu kulitamka mbele ya Tunu, mwanawe mchanga. Alijiita "mzazi" mpaka akajichosha.

Tunu akakunja midomo. Sikudhani akampachika ziwa upesi, anyamaze. Mtoto akanyonya huku akiguna, akashiba, akaachia chuchu.

"Mm... mama."

Taa ya kisikizi ikawa nyekundu.

"Nani kamfundisha?" mumewe akanong'ona, uso umemsawajika.

"Hakufundishwa, Baba Tunu. Ndivyo midomo isemavyo ikitoka kunyonya."

Mlango ukagongwa. Sikudhani akamkumbatia mtoto, na kwa hofu akajikuta naye anamwita mamake marehemu, kwa neno lile lile.