Joto la Ofisi

Tangu maofisi yote yafungwe ili kupunguza moshi na gharama, nyumba unayofanyia kazi huhesabiwa kuwa ofisi, na kampuni hutozwa kodi ya joto lake. Ndiyo maana katika chumba changu kimoja pana mita. Inaruhusu miili miwili na kompyuta moja. Ikiwaka nyekundu, sina kazi.

Likizo ya uzazi nayo ilifutwa. Wakubwa walisema, mtu aliye nyumbani tayari apewe likizo ya kwenda wapi?

Kwa hiyo nilikuwa nahudumia wateja huku kichanga changu kimelala mapajani, mama yangu alipobisha hodi. Alikuwa ametoka Rombo mpaka hapa Dodoma na ndizi na nyama, aje kunipikia mtori kama mzazi yeyote anavyopikiwa. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

Nilifungua dirisha kidogo.

"Mama, shikamoo. Huwezi kuingia. Mimi na mtoto tumeshatimia."

"Marahaba. Mmetimia nini, Aikande? Nipe basi mjukuu wangu nimshike."

"Jua litamuunguza, mama. Na jiko haliwashwi hapa. Hapa ni ofisini."

Sikutegemea angenielewa, lakini aliitikia kwa kichwa taratibu, akajitwika tena mzigo wake.

"Haya, mwanangu, sitaki kukuharibia kazi," alisema kwa upole. "Nielekeze tu nyumbani kwako ni wapi, nikakusubiri huko."

Niligeuka nikatazama kitanda, jiko lililopoa na nepi zilizoanikwa juu ya kiti. Sikuwa na pa kumwelekeza.