Tairi Nne za Gumaro

Pigo la kwanza lilimpata Tello Zamarripa mgongoni, akiwa amepiga magoti mbele ya rimu katika duka lake la tairi. La pili lilimpata kwenye kiwiko, akausikia mfupa ukilia.

Akaanguka kifudifudi. Kompresa ya kujazia upepo ilikuwa ikinguruma pembeni. Hata angepiga mayowe, nani angemsikia? Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Julai, jua la jangwa la Odessa linayeyusha lami, na mtaa mzima umejifungia ndani na viyoyozi vyake.

"Geuka, mzee," ikasema sauti ya mwanamke. "Geuka nikuone."

Alikuwa Yadira. Mumewe, Gumaro, huendesha pikapu kila siku kwenda visima vya mafuta vya Pecos. Mkono wake wa kulia ulishika mtaimbo wa kubandulia tairi. Wa kushoto ulikuwa kwenye plasta hadi kiwikoni. Jicho moja lilikuwa limevimba, limefumba kabisa.

Tello aliitazama ile plasta. Ajali, akajiambia. Zile tairi zimepasuka.

"Uliniuzia tairi," Yadira akasema. "Unazikumbuka?"

"Nazikumbuka, binti yangu."

"Nne. Za Kichina."

"Nazikumbuka."

"Uliniambia nini siku ile?"

Angesahau vipi? Ilikuwa Novemba. Yadira alikuja peke yake, anaongea kwa kunong'ona kama yuko kanisani, akaulizia tairi za bei ya chini kuliko zote. Tello akamwimbia ule wimbo anaomwimbia kila mteja anayegusa zile tairi mpya za bei rahisi.

"Hizo? Hizo ni biskuti, binti yangu. Mfungie mumeo hizo, halafu nenda kwa fundi ukapimwe gauni jeusi. Barabara ya Pecos ikishika moto zinapasuka kama puto. Nakuapia kwa Bikira wa Guadalupe."

Kisha akamwonyesha mitumba, tairi za majina makubwa, zilizolika nusu. Yadira hakuzitazama.

"Unaapa kweli, mzee?"

"Naapa."

Akachukua zile za Kichina, zote nne. Tello alidhani ni umaskini tu.

Sasa alijikokota hadi ukutani, mkono mmoja ukining'inia. "Nilikuonya! Mungu shahidi yangu, nilikuonya!"

"Ulinionya. Na mimi mjinga nikakuamini."

Mtaimbo ukashuka kwenye muundi wake. Tello akalia kama mbuzi. Kwa mkono wake mzima akamdaka Yadira mguu, akamvuta, wakaporomoka pamoja juu ya mrundo wa tairi kuukuu. Alikuwa mtu mzito, na nyundo ya mpira ilikuwa karibu na vidole vyake. Aliishika. Aliinua. Kisha akaliona lile jicho lililovimba, sasa liko karibu kabisa na uso wake, jeusi, na chini yake pana kovu la zamani.

Akaiachia nyundo. Mtu umeshamvunjia nyumba, halafu umpige tena?

Yadira hakuwa na huruma ya namna hiyo. Alijinasua, akampiga teke la mbavu, akasimama juu yake akihema.

"Sikiliza," Tello akasema, damu ikimtoka puani. "Nisikilize, halafu uniue ukitaka. Nilidanganya. Zile tairi si mbovu. Mimi mwenyewe ninazo kwenye gari langu, mke wangu anazo! Nasema vile kwa kila mtu ili wanunue mitumba, mitumba ndiyo inanilisha. Miaka kumi na mmoja nauza tairi, sijaona hata moja ya zile imepasuka."

Yadira akamwinamia.

"Si mbovu?"

"Nzima kabisa! Sijui siku hiyo ilikuwaje, labda msumari, labda mzigo ulizidi..."

"Si mbovu," Yadira akarudia polepole.

Hapo ndipo alipompiga kweli. Hakuchagua pa kupiga. Bega, paja, mdomo. Meno mawili yaliruka yakagonga ndoo ya kupimia pancha. Tello aliufunika uso wake kwa kiganja, na vidole viwili vikavunjika juu yake. Hakujitetea tena. Kumbe adhabu ndiyo hii, aliwaza. Miaka yote anawatabiria watu msiba kwa mzaha, na leo msiba umekuja kumtafuta dukani.

Kompresa ikajaa hewa, ikazimika yenyewe. Ghafla pakawa kimya, ila pumzi zao wawili.

"Yadira," Tello akasema, maneno yakimtoka pamoja na mate na damu. "Nisamehe. Gumaro alikuwa mtu mwema. Nitakuja kuzungumza na mama yake. Nitapiga magoti. Niambie tu mmemzika wapi."

Mtaimbo ulikuwa umeinuliwa. Ukabaki hewani, kisha machozi yakamtoka Yadira kwenye jicho lile moja lililokuwa wazi.

"Tumemzika?" akasema. "Yuko hapo ng'ambo ya barabara, mzee, anakula burito kwa mkono uleule ulionivunja huu. Miezi minane anakwenda Pecos na kurudi, hata pancha hajapata. Amenituma nimchukulie nyingine nne kama zile."