Kopo Lililofuka Moshi

Tangu amzike mumewe, fundi cherehani hakutoa hata chozi moja. Asubuhi moja aliamka tu, akaanza kuikarabati boti ya marehemu, ya faiba, iliyotelekezwa uani miaka saba.

"Sindano na boti zilijuana lini?" wifi yake alimtania.

Kweli hakujua kitu. Alipochanganya gundi ya kuzibia nyufa za boti, alizidisha dawa ya kugandisha, ikachemka na kufuka moshi ndani ya kopo. Yeye akaendelea kulishika, akiitazama gundi inavyopasuka.

"Wifi, tupa! Unaungua!"

Akalitupa. Kiganja kilikuwa chekundu, malengelenge yameanza kuinuka.

Wifi yake akaja mbio na ndoo ya maji baridi, lakini yeye akaurudisha mkono nyuma.

"Subiri kidogo, wifi," alisema, midomo ikimtetemeka. "Umeanza kuniuma."