Asili ya Neno Pepele

"Futa!" mjane wa fundi alisema, akaugonga ukurasa kwa ncha ya mkasi. "Futa hayo sasa hivi."

Mwandishi wa kamusi hakufuta. Kazi yake ilikuwa kukusanya maneno, na neno moja, pepele, ndilo lililomleta kwenye duka hili la ushonaji. Maana haikumpa taabu: pepele ni utepe wa kitambaa uliokunjwa marinda madogo madogo, ukashonwa kiunoni au kwenye pindo la gauni ili mvaaji akitembea uchezecheze. Kila fundi mjini alilijua. Shida ilikuwa asili yake. Mwandishi alidhani limetokana na kupepea. Muuza vitambaa wa mtaa wa pili akamcheka: pepele lilikuwa jina la mahaba, marehemu fundi alimwita nalo mwanamke fulani. "Wala si mkewe," aliongeza, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye daftari.

"Huyo muuza vitambaa nimekula naye sahani moja miaka ishirini," mjane alisema. Aliumia kweli. "Leo ananiuza kwa mgeni! Kikulacho ki nguoni mwako."

"Dada, achana nayo," mdogo wake wa kike alisema kutoka kwenye cherehani, bila kuinua macho. Walikuwa wakiishi pamoja tangu msiba. "Neno ni neno tu. Mwache aandike kupepea, tuendelee na kazi."

"Niachane nayo? Kitu kinachapwa kitabuni! Wajukuu zangu wasome kwamba babu yao alikuwa na hawara, na jina la hawara ndilo wanalovaa mabibi harusi wa mji mzima?" Akamgeukia mgeni. "Andika. Siku za mwanzo za ndoa yetu alikuwa akilitaja usingizini. Pepele, Pepele. Asubuhi moja nikamuuliza, Pepele ndiye nani? Akacheka, akaniambia, 'Nani tena zaidi yako?'"

Mwandishi aliandika. Kisha, kwa adabu, akauliza kama kuna ushahidi wowote.

Mjane aliingia chumba cha nyuma, akarudi na gauni la buluu lililokunjwa ndani ya shuka. "Hili ndilo lenye pepele ya kwanza kabisa. Nililikuta kabatini mwake wiki ya harusi, hata hajanionyesha. Alikuwa ananishonea kwa siri, masikini. Likawa dogo. Tena angalia hapa kiunoni, mpasuo mtupu, hakutia hata kifungo. Nilipomuuliza akasema atalimalizia, hakulimalizia mpaka kufa. Fundi mzima! Mapenzi yalimvuruga kichwa." Alicheka, machozi yakamlengalenga. "Nikalifungia sandukuni. Halijawahi kuvaliwa."

Mwandishi aliomba kulipiga picha likiwa mwilini mwa mtu. Picha kama hiyo, alisema, ingewanyamazisha wote.

"Mimi humu hata mkono hauingii," mjane alisema, akilipiga tumbo lake. "Mdogo wangu, hebu livae wewe. Mwili wako haujui uzee."

"Mimi sitaki, Dada."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Muuza vitambaa kanigeuka, na wewe pia unigeuke? Nina nani mwingine mimi?"

Cherehani ilinyamaza. Mdogo mtu akainuka, akalichukua gauni, akapita nyuma ya pazia. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikwenda moja kwa moja mbele ya kioo, na hata mgeni aliona jinsi mabega yalivyomkaa sawasawa. Mpasuo tu wa kiunoni ulikuwa wazi.

"Usitikisike," mjane alisema, akatafuta pini mezani. "Ngoja niubane hapo, picha isije ikatuaibisha."

"Hapahitaji pini," mdogo mtu alijibu, mawazo yake yakiwa mbali. Vidole vyake viwili vikaingia chini ya rinda la tatu, bila yeye kuviangalia, vikavuta kulabu ndogo iliyofichwa ndani ya mshono, vikaitia kwenye kitanzi chake. Mpasuo ukafungika.

Kisha akainua macho kwenye kioo, akaona dada yake ameacha kutafuta pini.