Raba Tatu za Injini

Rubani alikuwa amelala chali chini ya gari kubwa la ofisi, shati lake jeupe likinyonya mafuta ya sakafuni, akitafuta alama alizozichora kwa ukucha siku nne zilizopita. Tochi ameibana kwa meno. Akiishika mkononi mwanga unarukaruka. Tochi za siku hizi ndizo hizo.

"Unatafuta nini, mzee wangu?" Fundi aliuliza kutoka juu.

Rubani akaitoa tochi mdomoni. "Natafuta raba zangu."

Raba zenyewe ni tatu, zile zinazokaa chini ya injini ili ikinguruma isilitikise gari zima. Alizinunua mwenyewe dukani, akazitia alama kwanza, ndipo akamkabidhi Fundi. Mtu aliyeendesha miaka thelathini na moja bila kukwaruza hata rangi, mpaka ofisi nzima ikamwita Rubani, hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Alama ya kwanza akaiona. Ya pili ipo. Ya tatu nayo ipo. Badala ya kutulia, shaka ikazidi. Kama raba ni zake, basi huyu bwana kachezea kitu kingine.

Mwanzoni hakukuwa na ubishi. Fundi alifungua boneti, akamwambia akanyage breki, aweke gia, aguse mafuta kidogo. Injini ikaruka juu na kurudi kwa kishindo. Raba zilikuwa zimekwisha. Moja ilitoka vipande viwili mbele ya macho yake. Fundi akaiegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao, akafunga mpya, akakaza nati moja moja. Mtikisiko mkubwa ukaondoka siku ileile.

Ukabaki mwingine, mdogo, mwembamba, unaopanda kwenye usukani kabla hata hajatoka getini. Na Mkurugenzi alikuwa amekwisha kusema, tena mbele ya mlinzi: "Mzee, hili gari linayumba, mimi naogopa. Nakupa mpaka Ijumaa. Likiendelea hivi, nabadilisha gari na dereva."

Leo Alhamisi. Rubani alibakiza miaka miwili astaafu, na kazi nyingine hakuijua. Dereva bila gari ni mtu mwenye kofia tu.

Akajiburura akatoka chini ya gari. "Haya, raba ni zangu. Sasa niambie umeharibu nini kingine."

Fundi akafuta mikono kwa tambara. Hapo ndipo Rubani alipomchukia. Mtu mwenye moyo safi hukutazama usoni; huyu macho yake kila mara yalishuka kwenye ufunguo wa gari mkononi mwa Rubani, kama anayetaka kuupora akimbie na gari. Maswali yake nayo ya pembeni pembeni.

"Linatetemeka hata likiwa limesimama?"

"Hata likiwa limesimama."

"Na ukiendesha gari lingine?"

"Lingine la nani? Usinizungushe, kijana."

"Chai umekunywa leo?"

"Alaa! Nimekuja kunywa chai hapa?"

Hata hivyo akaletewa chai, nusu kikombe. Kumbe na bahili pia! Rubani akaiacha palepale juu ya tairi bovu.

"Mzee, jana nimeliendesha mpaka barabara kuu," Fundi alisema. "Limetulia tuli."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Sikiliza. Wewe una spana, mimi nina mikono. Tairi likipungua upepo, mikono hii inajua. Nati ikilegea, inajua, wewe bado umelala. Haijawahi kunidanganya hata siku moja."

Fundi akashusha pumzi. Alimtazama kwa muda, safari hii usoni. "Basi panda, mzee wangu. Washa, halafu mikono yako ndiyo iniambie."

Rubani akapanda. Ufunguo ukagonga huku na kule kabla ya kuingia. Tundu nalo limeshalika. Injini ikawaka kwa sauti laini. Fundi akainua boneti, ikaziba kioo chote cha mbele. Karakana ya jirani, mnyoosha bodi akawasha grainda ya kusagia chuma, na makelele yakameza kila kitu.

"Fumba macho!" Fundi alipaza sauti kutoka nyuma ya boneti. "Masikio achana nayo! Shika usukani tu!"

Rubani akafumba. Akaushika usukani kwa mikono yote miwili, akangoja. Moyoni aliomba, aliomba kwelikweli, usiwepo. Apeleke gari kesho, Mkurugenzi apande, yaishe. Akahesabu mpaka ishirini, mpaka thelathini, grainda ikilia masikioni.

Akausikia. Uleule, mwembamba, ukipanda vidoleni. Alipata furaha ya mtu aliyemshika mwizi, na papo hapo hofu ya kesho ikamjia.

"Upo!" akafoka.

"Una hakika, mzee?" Sauti ya Fundi sasa ilitokea karibu, dirishani.

"Hakika kama ninavyoijua sura ya mke wangu! Linatetemeka, tena kushinda jana! Haya, utasema nini sasa, tapeli we?"

Grainda ikanyamaza. Rubani akafumbua macho, na karakana nzima ilikuwa kimya, hakuna kinachonguruma popote. Fundi alikuwa amesimama dirishani na fyuzi ya injini kiganjani.

"Niliichomoa ulipofumba macho tu, mzee wangu," alisema kwa upole, akiitazama mikono iliyokuwa bado inatetemeka juu ya usukani.