Barua kwa Mama wa Hendrika

"Si hapo," Dorkasi alijiambia, akakihamisha kipande cha karatasi hadi mwisho wa mstari.

Kwa Kiholanzi, kitenzi kimoja hukaa nafasi ya pili, na mwenzake husukumwa mwisho kabisa. Bibi Hendrika, muuguzi Mholanzi wa zahanati iliyo njia ya Kondoa, alimfundisha hivyo kwa miaka sita: kila neno na kipande chake, vipande mezani. Sasa Bibi alikuwa na wiki mbili kaburini, na taipureta yake ilikuwa mbele ya Dorkasi.

"Mama yangu asijue," Bibi alimwambia siku ya mwisho. "Moyo wake utasimama. Mwandikie wewe, kama mimi."

Daktari wa zahanati alikubali kutotuma habari za kifo mpaka Pasaka.

"Hebu soma," alisema Yotham, mumewe.

Dorkasi akamtafsiria neno kwa neno: "'Mimi nime usiku huu vizuri lala.'"

"Mama Sila, hayo ni maneno ya mlevi!"

"Ndivyo wanavyopanga. Nikikosea, yule bibi kizee atajua si mwanawe. Nitakuwa nimemuua."

Yotham akaacha kucheka. "Umemsalimu lakini?"

"Baba Sila, mimi nimelelewa. Nimemuuliza kaamkaje, miguu yake, majirani, na kama mvua imenyesha."

"Ng'ombe?"

"Na ng'ombe."

"Hapo sawa. Mkubwa hasalimiwi mbiombio."

Aliipiga barua upya mara nne. Kila sentensi aliilinganisha na kitabu cha sarufi cha Bibi, kidole juu ya mstari, mpaka hakuona kosa. Akabandika stempu yenye sura ya Malkia wa Uingereza, akaipeleka mwenyewe posta, Dodoma mjini. Kwa wiki tano alisubiri jibu.

Lilipofika, alimpa Yotham aichane bahasha. Dorkasi akasoma polepole, akiyapanga maneno upya kwa Kiswahili:

"Mpenzi, Kiholanzi chako hakina kosa hata moja. Lakini Hendrika wangu alianza kila barua kwa kuniagiza sabuni. Tangu azaliwe hakuwahi kuniuliza nimeamkaje. Mvua imenyesha. Miguu inauma. Majirani hawajambo. Ng'ombe sina. Wewe ndiye Dorkasi wake, sivyo? Niambie mmemzika wapi, kisha uniulize tena nimeamkaje."